Kutoka Hewani hadi London: Saa Ngapi Njiani?

Katika nchi ya chini ya Mto Tana, si mbali na mji wa Garsen, kuna kijiji cha Wapokomo kiitwacho Hewani. Mgeni alisikiapo jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni mahali palipo juu, penye baridi na ukungu kama vijiji vya milimani. Akifika hushangaa, kwa kuwa hapana kilima wala mwamba. Nchi ni tambarare kama mkeka uliotandikwa. Udongo ni mweusi na hunata miguuni wakati wa mvua, na mto wenyewe, wenye rangi ya chai ya maziwa, huzunguka kulia na kushoto kama mtu asiye na haraka ya kufika baharini. Kuna majaruba ya mpunga, migomba na miembe mikubwa. Na katika misitu ya kando ya mto huu wanaishi kima wa aina mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Hata hivyo, ziko saa ambazo jina hilo huonekana kuwa na maana. Mstari unyookao kutoka kiwanja cha ndege cha Nairobi hadi kile cha Manda, karibu na Lamu, una urefu wa kilometa 455 hivi, nao hupita kaskazini kidogo mwa Garsen. Ndege za abiria hukata mwendo huo kwa muda wa saa moja na robo au zaidi kidogo. Mama aliyeinama jarubani husikia ngurumo kwa mbali, huinua kichwa, huona kitu cheupe king'aacho juani, kisha hurudia kazi yake. Kwa abiria walio ndani ya ndege ile, imebaki kama robo saa tu kufika Lamu. Kwa mama huyo, Lamu ni safari ya kutwa: kwanza atoke kijijini hadi barabara kuu, tena angoje gari, tena apite Witu hadi Mokowe, na mwisho apande mashua avuke hadi mjini. Watu hao wawili wako katika nchi moja na saa moja, lakini hawako katika umbali mmoja.

Na afikiriwe kijana wa kijiji hicho aliyefaulu mitihani yake, akapata nafasi katika chuo kimoja huko Uingereza. Barua imekuja, pasipoti iko tayari, na tikiti ya ndege imelipiwa kwa mchango wa ukoo mzima. Jioni anaketi na babu yake chini ya mwembe, na mzee anamwuliza:

“Je, mjukuu wangu, huko London ni mwendo wa saa ngapi?”

“Kutoka Nairobi ni saa nane na nusu, Babu.”

“Na ndege hiyo itakuja kukuchukua hapa?”

“La, Babu. Nitaipanda Nairobi.”

“Basi nieleze, kutoka hapa hadi hiyo Nairobi ni saa ngapi?”

Hapo kijana hunyamaza, kwa kuwa jibu la swali hilo halikuandikwa katika tikiti.

HESABU YA ANGANI

Jibu la swali la kwanza ni rahisi. Kutoka Nairobi hadi London ni kilometa 6,800 hivi, zikipimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Ndege kubwa za siku hizi huruka kwa kimo cha kilometa kumi au kumi na moja juu ya ardhi, na mwendo wake ni kama kilometa 900 kwa saa. Mwanafunzi wa hesabu atagawanya 6,800 kwa 900, naye atapata saa saba na nusu. Hesabu yake haina kosa, lakini ndege itamchukua saa nane na nusu.

Je, ile saa moja imekwenda wapi? Imekwenda katika mambo madogo madogo ambayo ramani haiyaonyeshi. Ndege huondoka polepole hadi mwanzo wa njia ya kurukia, nayo hungoja zamu yake. Ikisharuka, hutumia muda mrefu kupanda, na wakati huo mwendo wake haujatimia. Tena hainyooki kama mshale, bali hufuata njia zilizowekwa, ikizunguka mahali penye dhoruba au penye vita. Na ifikapo London, ambako ndege ni nyingi, huenda ikazungushwa angani mpaka nafasi ya kutua ipatikane. Kwa sababu hizo, mtu atakaye kukadiria safari ndefu ya ndege na agawanye kilometa kwa 800 badala ya 900, wala hatakosea sana.

Hesabu hiyo ikijaribiwa kwa New York, ambako ni kama kilometa 11,800 kutoka Nairobi, jibu lake ni karibu saa kumi na tano. Na ndivyo ilivyokuwa: shirika la Kenya Airways lilipoanza safari za moja kwa moja hadi mji huo, tarehe 28 Oktoba 2018, saa zilizotangazwa zilikuwa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Njia ni ile ile. Kinachotofautiana ni upepo. Juu sana, katika nchi za kaskazini, hewa huvuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, hata ndege iendayo Marekani huukabili upepo, na ile irudiyo husukumwa nao. Jambo hili halitamshangaza mtu wa pwani. Nahodha wa jahazi alijua tangu zamani kwamba safari ya kaskazi na safari ya kusi si safari moja, ijapokuwa bandari ni zile zile.

Kuna na jambo la saa ya ukutani, ambalo huwatatiza wengi. Msafiri akiondoka Nairobi saa tano za usiku wakati wa baridi huko Marekani, naye akakaa angani saa kumi na tano, atafika New York na kukuta saa za huko ni kumi na mbili za asubuhi. Ataona kana kwamba amesafiri saa saba tu. Lakini mwili haudanganyiki. Saa nane zile alizozipata bure wakati wa kwenda atazilipa zote wakati wa kurudi.

SAFARI ZA NDEGE ZA KWANZA

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Safari za ndege za kawaida kati ya London na Afrika Mashariki zilianzishwa na kampuni ya Imperial Airways mwaka 1931, nazo zilikoma Mwanza. Mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa hadi Cape Town, na safari yote ilichukua kiasi cha siku 11. Msafiri hakuketi katika ndege moja mpaka mwisho. Sehemu ya Ulaya aliipita kwa treni. Bahari ya Kati aliivuka kwa ndege iteleayo juu ya maji, kutoka Misri akachukuliwa na ndege nyingine hadi Khartoum, na kutoka Khartoum hadi Kisumu akapanda tena ndege ya majini. Usiku ndege hazikuruka. Abiria walilala hotelini, wakaamshwa alfajiri. Hata tajiri wa siku zile, aliyelipa fedha nyingi ili apae, alijua kungoja na kubadili chombo kama ajuavyo mtu wa Hewani hata leo.

Tarehe 2 Mei 1952 jambo jipya lilitokea. Ndege iitwayo Comet, ya kwanza ulimwenguni kuchukua abiria wa kawaida kwa nguvu ya jeti, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, nayo ilifika kabla ya saa 24 kutimia. Comet za kwanza zilipatwa na ajali mbaya, zikasimamishwa mwaka 1954, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 1958 kiwanja kikubwa cha Embakasi kilifunguliwa Nairobi. Mwaka uliofuata wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda New York, katika mpango ulioandaliwa na Tom Mboya pamoja na rafiki zake wa Marekani. Ndege za wakati ule hazikuweza kuruka mwendo huo bila kutua njiani kutia mafuta.

Hivyo basi, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, London imesogea kutoka umbali wa siku nyingi hadi umbali wa usiku mmoja. Dunia haikupungua hata hatua moja. Kilichopungua ni saa, na saa hazikupungua zenyewe. Zilipunguzwa na watu waliojenga viwanja, wakaunda mitambo, wakapima upepo.

KUTOKA HEWANI HADI NAIROBI

Sasa na liangaliwe swali la pili la yule mzee. Zamani njia ya watu wa nchi hii ilikuwa mto wenyewe. Mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, ukisukumwa kwa upondo, uliteremka na mpunga hadi Kau na Kipini, ambako vyombo vya pwani vilikuja kununua nafaka. Wamisionari wa Kijerumani walipoanza kazi yao Ngao mwaka 1887, walikuta mto ndio barabara kuu. Mwaka 1891 meli ndogo ya moshi iitwayo Kenia iliupanda Tana mpaka mbali sana bara, lakini mchanga, visiki na kupungua kwa maji vilionyesha kwamba mto huu haukubali kuwa reli. Motokaa zilipokuja, kwa miaka mingi zilivushwa Garsen kwa feri iliyovutwa kwa kamba na nguvu za mikono. Dereva aliyefika jioni aliweza kulala ng'ambo akingoja. Baadaye daraja lilijengwa, na ngoja ngoja ya feri ikawa hadithi.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Garsen hadi Nairobi ni kilometa 380 hivi tu. Lakini msafiri hawezi kunyooka. Akishika njia ya Malindi na Mombasa, mwendo wake huwa zaidi ya kilometa 700, karibu mara mbili. Njia ya Hola na Garissa ni fupi kuliko hiyo, ila kijana asiye na gari lake mwenyewe aghalabu hufuata pwani, kwa kuwa huko magari ni mengi zaidi na ndugu wa kumpokea wako Mombasa.

Basi huondoka Hewani alfajiri, kwa miguu au nyuma ya pikipiki, sanduku likiwa limefungwa kwa mpira. Barabarani hungoja basi. Basi la kutoka Lamu lina mambo yake: kwa miaka mingi baada ya mashambulio ya mwaka 2014 mabasi ya njia hiyo yalikwenda kwa msafara pamoja na askari, na msafara ukichelewa Witu, hata aliyesimama Garsen huchelewa. Barabara ya Lamu, Witu na Garsen, yenye kilometa 135, ilianza kutiwa lami baada ya mwaka 2017, na jambo hilo lilikuwa faraja kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo tope la masika lilimeza magurudumu mpaka nusu. Kutoka Garsen hadi Malindi, kutoka Malindi hadi Mombasa, kila kipande kina saa zake. Mwenye fedha aweza kupanda ndege Malindi akafika Nairobi baada ya saa moja hivi. Asiye nazo huendelea hadi Mombasa, akapanda treni mpya iliyoanza mwaka 2017, ambayo hufika Nairobi kwa saa tano au sita; au hupanda basi la usiku.

Hesabu ikijumlishwa, mambo yote yakienda vizuri, ni kutwa nzima na sehemu ya usiku. Maana yake ni hii: kilometa 380 za nyumbani zimekula saa nyingi kuliko kilometa 6,800 za ng'ambo.

MTO UKIFURIKA

Hayo ni mambo ya kiangazi. Mto ukifurika, hesabu hubadilika kabisa. Tana hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, nayo husafiri kama kilometa elfu moja kabla ya kufika baharini. Njiani huzuiwa na mabwawa ya umeme, tangu Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 hadi Masinga, lililo kubwa kuliko yote, ambalo lilifunguliwa mwaka 1981. Mvua ikizidi huko juu na mabwawa yakajaa, maji ya ziada hushuka. Huchukua siku kadhaa kufika nchi ya chini, hata watu wa Hewani huweza kuona anga jeupe lisilo na wingu, na huku mafuriko yako njiani yanakuja.

Wazee huikumbuka 1961, mwaka ambao sehemu nyingi za Kenya zilikatwa na maji hata ndege zikatumika kupeleka chakula. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Nino zilibomoa kingo na mifereji ya shamba kubwa la mpunga la serikali lililo karibu na vijiji vya Wema na Hewani. Mwishoni mwa 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika, na masika ya 2024 maji yakaja tena, watu wakahama na mizigo vichwani. Aisifuye mvua imemnyea.

Siku kama hizo pikipiki haina kazi, na lori hushindwa. Kinachobaki ni mtumbwi, nao hupita juu ya mashamba yaliyogeuka ziwa, mpiga upondo akiwa na hadhari ya mamba na viboko. Hapo kilometa chache kati ya Hewani na Garsen huwa ndefu kuliko Bahari ya Kati. Kijana wa tikiti aliyeamua kuondoka siku moja kabla ya ndege yake ataachwa, maana ndege haimngojei mtu, hata kama tikiti yake ililipiwa kwa mbuzi na magunia ya mpunga ya ukoo mzima.

Lakini kijana, kwa taabu na kwa mchango mwingine, aweza kupata tikiti ya pili. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa mafuriko hana tikiti ya pili. Kwake yeye swali si London wala Nairobi, ila ni saa ngapi hadi Hospitali ya Ngao, na ikiwa mambo ni mazito, ni saa ngapi hadi Malindi. Mtoto mwenye homa kali naye hawezi kuambiwa angoje maji yapungue. Katika ramani safari zao ni fupi hata kidole huzifunika. Katika maisha ya watu ndizo safari ndefu kuliko zote.

FUNZO LA SAFARI

Waswahili husema: Usisafirie nyota ya mwenzio. Saa zilizoandikwa katika tikiti ni nyota ya mtu akaaye karibu na kiwanja cha ndege. Mtu wa Hewani na ahesabu safari yake kuanzia mlangoni pake. Ahesabu mguu, pikipiki, basi, treni na kungoja kote kulio katikati. Kisha, ikiwa ni miezi ya mvua, aongeze siku mbili au tatu, akalale kwa jamaa zake Mombasa au Nairobi kabla ya siku yenyewe. Familia yenye mama mjamzito nayo na impeleke karibu na hospitali mapema, mto ungali ndani ya kingo zake. Na kwa kuwa maji hushuka siku kadhaa kabla ya kufika, habari za mabwawa zikitangazwa upesi na zikasikilizwa upesi, siku hizo zaweza kuokoa roho za watu.

Juu ya hayo, wapimao maendeleo wasitazame angani peke yake. Ni jambo jema kwamba Nairobi na New York zimekaribiana. Lakini kalvati moja lililoinuliwa vizuri, kipande cha barabara kilichojazwa kifusi mpaka kikapita kimo cha mafuriko, na boti moja ya mashine iliyo tayari kwa wagonjwa, hupunguza saa nyingi kwa watu wa Hewani kuliko ndege yenye kasi kupita zote. London ilisogezwa karibu na watu waliokusudia. Na Garsen yaweza kusogezwa vivyo hivyo.

Basi yule kijana, akiisha kufikiri, atamjibu babu yake hivi: “Babu, kutoka hapa hadi London ni siku nne. Tatu ni za kufika kwenye ndege bila wasiwasi, na usiku mmoja ni wa ndege.” Na mzee, aliyeujua mto huu tangu utoto wake, atatikisa kichwa kwa kukubali, kisha atamwambia aende akalale, kwa maana ataondoka kabla ya jogoo.